Pointi za Likizo: Namna ya Kupima Kama Zinaifaa Familia

Taimshea ya pointi ni mkataba ambao familia hulipa fedha nyingi mwanzoni, kisha ada kila mwaka, ili igawiwe pointi za kulala katika nyumba za mapumziko za kampuni fulani. Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Marekani huuliza kama mkataba huo ni nafuu kuliko hoteli. Bei pekee haitoshi kujibu swali hilo, wala uzuri wa vyumba. Jibu limo katika safari ambazo familia imekwisha kuzifanya: ilikwenda mara ngapi, mwezi gani, wapi, na ilipanga mapema kiasi gani.

Mfano unaotumika zaidi hapa ni Disney Vacation Club, mpango ulioanza mwaka 1991 huko Florida. Hatua sita zinazofuata zinafaa kwa mipango mingine pia, kama ile ya Hilton, Marriott na Wyndham, mradi kanuni za kila mpango zisomwe upya.

Kinachonunuliwa hasa

Taimshea ya zamani ilimpa mnunuzi wiki ileile, katika jengo lilelile, mwaka hadi mwaka. Mfumo wa pointi humwachia achague tarehe, mahali na ukubwa wa chumba, lakini kila chaguo lina bei yake. Mambo matano ni ya lazima kuyaelewa:

- Pointi za mwaka. Familia hupata idadi ileile kila mwaka. Usiku wa msimu wa watu wengi hula pointi nyingi, na wa msimu mtulivu hula chache. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hula zaidi ya siku nyingine.
- Ada ya matunzo. Hulipwa kila mwaka, familia isafiri au isisafiri. Katika vituo vingi vya Disney vya Orlando imekuwa takriban dola 8 hadi 11 kwa pointi miaka ya karibuni, na hupanda.
- Kituo cha nyumbani. Ni kituo ambacho mkataba umefungwa nacho. Mwanachama hupata nafasi ya mapema hapo kuliko kwingine.
- Mwaka wa matumizi. Ni miezi 12 ambayo pointi za mwaka huo ni hai. Huanza mwezi ulioandikwa katika mkataba, ambao si lazima uwe Januari.
- Mwisho wa mkataba. Mikataba ya Animal Kingdom Villas, yenye majengo ya Jambo House na Kidani Village, inakwisha mwaka 2057. Ile ya Riviera inakwisha mwaka 2070. Mipango mingine huuza mikataba isiyo na mwisho.

Hata pale hati inaposajiliwa kama mali, familia imenunua matumizi ya likizo za baadaye. Hicho si kitega uchumi, na kisihesabiwe pamoja na kiwanja au nyumba ya kupangisha.

Hatua ya 1: Kuandika daftari la safari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuhudhuria kikao chochote cha mauzo, wazazi waketi na kuandika safari zote za miaka mitano iliyopita. Kila safari ionyeshe:

1. mwezi na idadi ya usiku;
2. mahali palipotembelewa;
3. idadi ya watu, wakubwa kwa wadogo;
4. mahali pa kulala: hotelini, nyumba ya kupanga au kwa jamaa;
5. gharama ya malazi peke yake, bila nauli na chakula;
6. miezi iliyopita kati ya kuamua na kusafiri.

Safari ya kwenda nyumbani nayo iandikwe, hata kama haikuitwa likizo. Familia yenye wazee Mombasa, Tanga, Bukavu au Bujumbura mara nyingi hujinyima miaka miwili au mitatu ili kupata nauli ya watu watano. Mwaka wa safari hiyo siku za ruhusa kazini huisha, akiba huisha, na usiku wote hulaliwa kwa jamaa. Pointi za Florida hukaa bure mwaka huo, ilhali ada yake inadaiwa. Misiba na harusi nazo huvuruga mipango, na hakuna kampuni inayosamehe ada kwa sababu hizo.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kuandika safari zinazotamaniwa. Familia iliyokwenda likizo mara mbili katika miaka mitano ni familia ya safari mbili katika miaka mitano. Mkataba haubadilishi ratiba ya kazi wala idadi ya siku za ruhusa.

Hatua ya 2: Kulinganisha tabia na kanuni

Katika mpango wa Disney, mwanachama anaweza kuhifadhi nafasi katika kituo chake cha nyumbani miezi 11 kabla, na katika vituo vingine miezi 7 kabla. Anayetaka kulala kituoni kwake tarehe 20 Desemba aombe kuanzia tarehe 20 Januari ya mwaka huohuo. Anayetaka kituo kingine asubiri hadi tarehe 20 Mei, na wakati huo huenda akakuta vyumba vidogo vya bei nafuu vimekwisha.

Wazazi wenye watoto shuleni hubanwa zaidi, kwa kuwa husafiri wakati uleule wanaosafiri wengine wote. Wafanyakazi wa hospitali, maghala na malori ambao ratiba zao hutoka wiki chache kabla hubanwa zaidi ya hao.

Pointi zisizotumika zinaweza kuhamishiwa mwaka unaofuata, lakini kwa Disney ombi hilo lazima lifanywe ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wa matumizi. Zikishahamishwa haziwezi kuhamishwa tena, na zisipotumika hupotea. Inawezekana pia kukopa pointi za mwaka ujao, jambo linalompunguzia mwanachama likizo ya mwaka huo.

Dalili kwamba pointi zinaweza kufaa:

- familia imelipia malazi ya likizo karibu kila mwaka;
- hurudi mahali palepale au pa namna ileile na hufurahia;
- hupanga miezi minane au zaidi kabla;
- ni kubwa, na hutaka nyumba yenye jiko kuliko vyumba viwili vya hoteli;
- ina fedha taslimu baada ya kuweka akiba ya dharura.

Dalili kwamba hazifai:

- safari huamuliwa wiki chache kabla;
- likizo kubwa ni ile ya kwenda nyumbani;
- familia hupenda kuona mahali papya kila mara;
- bajeti ya mwaka haina uhakika;
- ununuzi hauwezekani bila mkopo wa kampuni.

Jambo la jiko lisipuuzwe. Studio huwa na friji ndogo na maikrowevu tu, lakini nyumba ya chumba kimoja cha kulala au zaidi ina jiko kamili na mashine ya kufulia. Kwa familia ya watu saba inayopika chakula chake yenyewe, hiyo ni faida ya kweli. Lakini nyumba hizo hula pointi nyingi zaidi, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa nyumba ambayo familia itaihitaji hasa. Bei ya studio isitumike kupima mahitaji ya watu saba.

Hatua ya 3: Kufanya hesabu kamili

Hesabu ifuatayo ni mfano, na kila familia iweke tarakimu zake. Tuseme pointi 160 zinanunuliwa kwa dola 200 kila moja, ada ni dola 9 kwa pointi, mkataba una miaka 40, na studio inayofaa hula pointi 16 kwa usiku.

- Bei ya ununuzi: dola 32,000, sawa na dola 800 kwa mwaka ikigawanywa kwa miaka 40.
- Ada ya mwaka: dola 1,440.
- Jumla kwa mwaka: dola 2,240, kwa usiku 10.
- Gharama ya usiku mmoja: dola 224.

Familia ikisafiri mwaka mmoja na kukosa unaofuata, na pointi za mwaka wa pili zikapotea, usiku huohuo unagharimu dola 448. Ikihitaji nyumba inayokula pointi 32 kwa usiku, inapata usiku 5 tu kwa mwaka.

Mambo matatu huachwa mara nyingi katika hesabu hii:

1. Kupanda kwa ada. Ada ikipanda asilimia 4 kila mwaka, dola 1,440 za leo zitafika karibu dola 2,900 baada ya miaka 18. Mkataba haumpi mnunuzi bei isiyobadilika maisha yote.
2. Michango ya ghafla. Mikataba mingi inaruhusu wanachama wachangishwe fedha za ziada, kwa mfano baada ya kimbunga kuharibu majengo.
3. Riba. Kianzio kikiwa asilimia 10 na zinazobaki zikakopwa kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 10, malipo ya kila mwezi ni karibu dola 413. Riba peke yake inafika takriban dola 20,800. Katika miaka hiyo 10 familia inatoa karibu dola 6,400 kila mwaka, ada ikiwamo, kwa usiku 10.

Mikopo ya kampuni za taimshea kwa kawaida ina riba kubwa kuliko mkopo wa nyumba. Mwislamu anayejiepusha na riba hana haja ya kuendelea na hesabu kama hana taslimu.

Hatua ya 4: Kukodi kwanza

Wanachama wa Disney wasioweza kutumia pointi zao huzikodisha kwa wengine, na bei imekuwa karibu dola 20 kwa pointi. Kwa mfano ule ule, usiku 10 wa pointi 160 unagharimu dola 3,200, bila mkataba wala ada.

Ulinganisho huu unaeleza mengi. Familia inayosafiri kila mwaka na kununua kwa taslimu inalipa dola 2,240 badala ya 3,200, hivyo kununua kunaweza kuwa na maana. Familia inayosafiri mwaka mmoja kwa usiku 10 na kukosa unaofuata inalipa dola 3,200 katika miaka miwili ikikodi, na dola 4,480 ikiwa imenunua. Kwa hiyo ni busara kukodi angalau mara mbili kabla ya kununua. Atakayeona kupanga mapema ni mzigo amepata jibu lake kwa bei ndogo.

Tahadhari ya kukodi: malipo yapitie kwa wakala anayejulikana, na uhifadhi uthibitishwe kwa jina la mgeni. Aghalabu fedha hizo hazirudishwi safari ikivunjika.

Hatua ya 5: Kuchagua pa kununua

Pointi hununuliwa kwa kampuni au kwa mwanachama anayeuza zake. Bei ya mwanachama huwa chini, lakini masharti hutofautiana. Pointi za vituo vya zamani vya Disney zilizonunuliwa kwa mwanachama tangu tarehe 19 Januari 2019 haziwezi kutumika Riviera wala vituo vipya vilivyofuata. Disney pia ina haki ya kuinunua hati hiyo kwa bei waliyokubaliana wawili hao kabla mauzo hayajakamilika.

Katika mipango mingine bei ya kuuza tena huporomoka vibaya, na yapo matangazo ya wanachama wanaotoa mikataba yao kwa dola 1 ili waepuke ada tu. Kabla ya kusaini popote, familia itafute mkataba wa aina ileile unauzwa kwa kiasi gani na wanaotaka kuutoa. Bei hiyo ndiyo thamani yake halisi siku moja baada ya kununua.

Hatua ya 6: Kuingia katika kikao cha mauzo kwa tahadhari

Kikao huitwa cha dakika 90 na mara nyingi huzidi. Zawadi yake ni tiketi, chakula au usiku wa bei nafuu, na mume na mke hutakiwa wahudhurie pamoja ili wasiwe na sababu ya kwenda kushauriana. Hatua za kujilinda ni hizi:

- kukubaliana kabla ya kuingia kwamba hakuna saini siku hiyo;
- kuuliza ada ya miaka mitano iliyopita, kwa maandishi;
- kuomba kila ahadi ya mdomo ionyeshwe ndani ya mkataba;
- kutofungua kadi mpya ya mkopo mezani hapo;
- kupeleka karatasi kwa ndugu au rafiki anayesoma Kiingereza cha kisheria bila shida;
- kutomgeuza mtoto kuwa mkalimani wa mkataba wa miaka 40.

Bei inayosemwa kuwa ni ya leo tu ndiyo alama ya kusimama na kuondoka.

Siku za kuvunja mkataba

Aliyesaini na kujuta ana haki ya kisheria ya kuvunja mkataba, lakini siku ni chache:

- Florida: siku 10 tangu kusaini au tangu kupokea hati za mwisho zinazotakiwa, kutegemea lipi lilichelewa;
- California na Hawaii: siku 7;
- Nevada: siku 5;
- Umoja wa Ulaya na Uingereza: siku 14.

Kinachofuatwa kwa kawaida ni sheria iliyotajwa katika mkataba, ambayo mara nyingi ni ya mahali kilipo kituo. Barua ya kuvunja iandikwe kwa namna mkataba unavyoagiza, itumwe kwa posta yenye stakabadhi, na nakala ihifadhiwe. Simu kwa muuzaji haitoshi, na muuzaji anayeomba asubiriwe hadi wiki ijayo anazimaliza siku hizo.

Kutoka baada ya miaka

Njia salama huanza kwa kampuni yenyewe, kwani baadhi zina utaratibu wa kurudishiwa mikataba iliyokwisha kulipiwa. Njia ya pili ni kuuza kupitia wakala mwenye leseni anayelipwa mauzo yakikamilika. Kuacha kulipa ada ni hatari: deni linaweza kupelekwa kwa wakusanyaji madeni, haki ikanyang'anywa, na rekodi ya mikopo ikaharibika.

Matapeli huwafuata hasa wanachama waliochoka. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeonya dhidi ya wanaodai malipo ya mbele kwa ahadi ya kuuza au kuvunja mkataba. Wizara ya Fedha ya nchi hiyo nayo imewawekea vikwazo watu wanaohusishwa na magenge ya dawa za kulevya ya Mexico kwa utapeli wa aina hii. Anayepigiwa simu na kuambiwa mnunuzi yupo tayari, inabaki kodi tu itumwe kwanza, akate simu.

Hoja zinazotolewa mara kwa mara

*"Pointi zitatupeleka dunia nzima."* Mitandao ya kubadilishana, kama RCI iliyoanzishwa mwaka 1974 na Interval International ya mwaka 1976, ipo kweli. Lakini ina ada zake, na nafasi hutegemea wanachama wengine wametoa nini. Anayefikiria Diani au Zanzibar aombe aonyeshwe nafasi zilizopo kwa tarehe zake. Aliye na jamaa huko ajiulize kama atawaacha akalale hotelini.

*"Tutawarithisha watoto."* Watakachorithi ni pamoja na ada. Mtoto anayeishi jimbo lingine, mwenye tabia nyingine za safari, anaweza kuuona mkataba kama deni. Mrithi anaweza kuukataa urithi kwa utaratibu wa kisheria, ila asiwe ameanza kuutumia.

*"Mkataba utatulazimisha kupumzika."* Hoja hii ina uzito kwa wazazi wanaofanya kazi bila kikomo. Hata hivyo, akaunti ya likizo inayowekewa dola 200 kila mwezi hufikisha dola 2,400 kwa mwaka, na fedha hizo zinaweza kuhamishiwa nauli ya msiba zikihitajika.

*"Kampuni ni kubwa, haitabadilika."* Kampuni kubwa hununuliwa na mipango huunganishwa. Hilton Grand Vacations ilinunua Diamond Resorts mwaka 2021 na Bluegreen mwaka 2024. Mwanachama hubaki na mkataba wake, lakini programu, majina ya viwango na gharama za ziada vinaweza kugeuzwa bila yeye kuulizwa.

Uamuzi

Kununua kunaingia akilini pale mambo manne yanapokutana: daftari linaonyesha likizo ya kulipia malazi karibu kila mwaka, familia inapanga miezi minane au zaidi kabla, imekwisha kukodi na kuridhika, na fedha ni taslimu ambayo kukosekana kwake hakugusi karo, akiba wala wazee. Likikosekana hata moja, kukodi au kulipa hoteli ni bora. Familia ambayo safari yake kubwa ni ya kwenda kuwaona wazazi Afrika Mashariki au Kongo iweke fedha hizo katika nauli, na isione haya kumwambia muuzaji hapana.